Jeshi la Napoleon lilikwisha kiangazi, theluji ilikuta mabaki (uzi mrefu)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila vita vya Urusi vikitajwa, haichukui dakika kumi kabla mtu hajaandika: "Urusi haivamiwi, baridi yake ni jeshi tosha." Kauli hiyo nimeisoma kwa miaka mingi, na leo nimeamua nikae chini niandike, kwa sababu inawanyima watu sehemu yenye mafunzo mengi kuliko zote katika historia hii.

Mimi si mwanajeshi wala mwalimu wa historia. Kwa miaka 14 kazi yangu ni kupanga safari za malori kutoka bandari ya Dar kwenda Lubumbashi. Nilipoanza kusoma habari za mwaka 1812, Napoleon alipoivamia Urusi, nilijikuta naruka mapigano, natafuta habari za mikokoteni, majani ya farasi, madaraja na maghala. Humo ndimo jeshi lile lilimofia.

Tuanze. Tarehe 24 Juni 1812 Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alianza kuvuka mto Niemen karibu na mji wa Kaunas, Lithuania ya leo. Kikosi kikuu kilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Ukijumlisha na waliofuata baadaye, wanapita 600,000: Wafaransa, Wapoland, Wajerumani, Waitalia, Waholanzi, Waswisi. Kutoka pale hadi Moscow ni kilomita 900 na ushee. Chukulia Dar hadi Tunduma, halafu ondoa lami, ondoa vituo vya mafuta, ondoa mama ntilie wote wa barabarani.

Sasa fanyeni hesabu ninayoifanya mimi kila wiki, ila badala ya dizeli wekeni majani. Farasi wa kazi anakula karibu kilo 10 kwa siku. Mkokoteni wa farasi wanne uliobeba tani moja unahitaji kilo 40 kila siku kwa farasi wake tu. Ukiubebesha chakula chao wenyewe, siku ya 25 umebaki mtupu na haujamfikishia askari hata mkate mmoja. Napoleon alitumia siku 82 kufika Moscow. Mtaniambia farasi hula majani ya njiani. Ni kweli, wale elfu moja wa kwanza. Farasi wa laki moja anayepita barabara hiyo hiyo anakuta vumbi.

Napoleon si kwamba hakulijua hili. Alijaza maghala Danzig na Königsberg, akaunda vikosi vizima vya mikokoteni. Tatizo ni kwamba mpango wake ulikuwa wa vita vya wiki chache. Angewakuta Warusi karibu na mpaka, angewapiga mara moja vibaya, Tsar Alexander, mtawala wa Urusi, angeomba amani. Ulaya alikuwa ameshaifanyia hivyo mara kadhaa, ambako vijiji vimebanana na kila ghala lina nafaka. Huku alikuta misitu, vinamasi na vijiji vilivyo mbalimbali, tena maskini.

Siku chache tu baada ya kuvuka, bado ni Juni, ilinyesha mvua kubwa ya baridi usiku. Farasi walikuwa wamechoka na wamejazwa nafaka mbichi iliyokatwa shambani. Walikufa kwa maelfu usiku mmoja. Fikiria kampuni yenye malori 100 ambayo asubuhi inaamka 20 yamekufa injini, na safari ndiyo kwanza imefika Chalinze. Kisha likaja joto kali la Julai, vumbi, maji ya madimbwi, kuhara damu, na homa ya chawa. Mikokoteni iliachwa nyuma, askari wakatawanyika vijijini kutafuta chakula, na wengi wa waliotawanyika hawakurudi.

Mwaka 1869 mhandisi Mfaransa Charles Joseph Minard alichora safari hii kama mstari mnene unaopungua kadiri watu wanavyopungua. Mpakani mstari una watu 422,000. Moscow unafika na 100,000. Chini yake aliweka joto na baridi, lakini kwa safari ya kurudi tu. Utazame mchoro huo kwa utulivu: sehemu kubwa ya unene imepotea upande wa kwenda, wakati askari wanatoka jasho. Wengine hawakufa. Waliachwa kulinda maghala, njia na ubavu wa jeshi, na hilo nalo ni kazi ya umbali: kila kilomita 100 unazoingia zinakudai walinzi.

Na Warusi? Jenerali Barclay de Tolly alikuwa anarudi nyuma tu. Aliepuka pigano kubwa, na njiani maghala yalichomwa. Wakubwa wa Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati ule, walimtukana, wakamwita mwoga, wengine msaliti, jina lake lenyewe likawa kosa kwa sababu halikuwa la Kirusi. Agosti akaondolewa juu ya majeshi yote, akawekwa Jenerali Kutuzov. Kutuzov alipigana mara moja, Borodino tarehe 7 Septemba, watu zaidi ya 70,000 wakauawa au kujeruhiwa kwa siku moja pande zote mbili, kisha naye akaendelea kurudi nyuma na kuiacha Moscow. Mimi namheshimu sana Barclay. Kuvumilia kuitwa mwoga ilhali unaona mbali kuliko wote ni kazi ngumu kuliko kushambulia.

Naendelea.

Tarehe 14 Septemba Napoleon akaingia Moscow. Mji ulikuwa karibu mtupu, na moto ulioanza usiku huo ukateketeza sehemu yake kubwa. Akakaa pale siku 35 akisubiri barua ya amani kutoka kwa Tsar. Haikuja. Siku 35, wakuu! Kila siku jeshi linakula, farasi wanazidi kudhoofu, na Kutuzov kule Tarutino, kusini mwa Moscow, anapokea askari wapya.

Alipoondoka tarehe 19 Oktoba alitaka kupita kusini, nchi ambayo haijaguswa. Warusi wakamkabili Maloyaroslavets tarehe 24. Mji aliuteka, ila akaogopa pigano jingine kubwa, akageukia njia ile ile ya Smolensk aliyoijia. Hapa ndipo naona mambo yalikwisha. Ile njia walikuwa wameshaila. Vijiji vyake vilichomwa, mashamba yalilishwa farasi, visima vilichafuliwa. Mwishoni mwa Oktoba wakapita tena Borodino na kukuta maiti za Septemba bado ziko juu ya ardhi.

Theluji kubwa ya kwanza iliwakuta tarehe 6 Novemba. Sikatai kwamba iliua. Ila ona namna ilivyoua, tutazame miguu ya farasi.

Farasi wa nchi za theluji huvalishwa viatu vyenye vyuma vilivyochomoza chini, kama njumu za mchezaji wa mpira, ili ashike barafu. Farasi wengi wa jeshi la Napoleon walikuwa na viatu laini vya kawaida. Kwenye kilima kidogo tu farasi anateleza, anaanguka, anajaribu kuinuka mara mbili tatu, kisha analala. Mzinga uliokuwa nyuma yake unaachwa. Mkokoteni wa majeruhi unaachwa. Caulaincourt, aliyesimamia farasi wa Napoleon mwenyewe, aliwavalisha wa kwake viatu vyenye meno mapema, na aliandika wazi kwamba jambo hilo dogo liligharimu jeshi kuliko watu wanavyodhani. Misumari, wakuu. Jeshi lililotisha Ulaya yote lilikosa misumari inayofaa.

Mdau: Mkuu umeandika vizuri, lakini Berezina je? Si walikufa kwenye barafu pale?

Mleta mada: Asante kwa swali. Berezina ndiyo inayonifanya niandike uzi huu. Mto ule ulikuwa umeganda, halafu siku chache kabla hawajafika hali ya hewa ikapata joto na barafu ikavunjika. Kama baridi ingebaki kali, wangevuka kwa miguu juu ya barafu. Yaani siku ile waliihitaji baridi na haikuwepo.

Daraja la Borisov Warusi walikuwa wamelichoma. Aliyewaokoa waliookoka ni jenerali mmoja mzee wa mizinga, Eblé. Huko Orsha aliamriwa achome vifaa vyake vya kujengea madaraja ili farasi wakavute mizinga. Maboti yalichomwa, lakini Eblé alibakiza mikokoteni michache ya vifaa, tanuri za wahunzi na makaa. Tarehe 26 Novemba mafundi wake wapatao 400, wengi wao Waholanzi, walibomoa nyumba za kijiji cha Studzionka, wakaingia mtoni maji yakiwafika kifuani, vipande vya barafu vikiwagonga, wakasimamisha miguu ya madaraja mawili. Yalipovunjika waliingia tena. Yakavunjika tena, wakaingia tena usiku. Eblé mwenyewe aliingia nao. Wengi wa mafundi wale hawakuiona tena Ufaransa, na yeye alifia Königsberg tarehe 31 Desemba. Makumi ya maelfu walivuka juu ya kazi ya watu 400 ambao majina yao hatuyajui.

Mdau: Wamongolia mbona waliingia na kutawala? Baridi haikuwahusu?

Mleta mada: Swali zuri sana, na linavunja kabisa hoja ya baridi. Batu Khan, kiongozi wao, aliingia wakati wa baridi makusudi. Ryazan ilianguka Desemba 1237, Vladimir Februari 1238. Mito iliyoganda ilikuwa barabara zake, tambarare na zinapita katikati ya miji yote. Farasi wa Mongolia hufukua theluji kwa kwato na kula majani yaliyo chini, kwa hiyo hakuna mkokoteni wa majani unaomfuata. Lori linalojitengenezea dizeli, nani atalishinda? Masika ya 1238 yalipokaribia waligeuza kabla ya kufika Novgorod. Kilichowarudisha zaidi ni maji na matope ya kuyeyuka. Na tusisahau kwamba nchi waliyoikuta haikuwa moja. Zilikuwa tawala za wakuu waliogombana, kila mmoja akimwacha jirani yake apigwe.

Mdau: Sawa, tuache farasi. Hitler alikuwa na vifaru, ndege na malori. Yeye kilimshinda nini kama si baridi?

Mleta mada: Hitler alikuwa na farasi wengi kuliko Napoleon, mkuu. Tarehe 22 Juni 1941 waliingia askari zaidi ya milioni 3 na farasi wapatao 600,000. Vifaru vilikuwa mbele kwenye picha, nyuma yake watu walitembea kwa miguu na mikokoteni.

Malori yao ndiyo yalinisikitisha niliposoma. Mengi yalinyang'anywa Ufaransa na nchi nyingine, aina chungu nzima. Yeyote aliyewahi kusimamia gereji anajua maana yake: kila aina na spea yake, na spea iko Paris wakati lori limelala Smolensk. Wapangaji wao wenyewe walijua kwamba malori yangeweza kulisha jeshi kwa takriban kilomita 500 kutoka mpakani. Moscow iko karibu kilomita 1,000. Kwa hiyo zilizobaki zilitegemea reli.

Na reli ndiyo hii: za Urusi zilikuwa na upana wa milimita 1,524, za Ujerumani 1,435. Tofauti ni milimita 89, kama upana wa kiganja. Sisi tusicheke, maana tunalijua. Reli ya kati ya zamani ni milimita 1,000 na TAZARA ni 1,067, ndiyo sababu Kidatu kuna kituo cha kuhamisha mzigo kutoka behewa hadi behewa. Wajerumani walilazimika kung'oa misumari na kusogeza chuma kimoja, kilomita baada ya kilomita, huku wakipigwa na wapiganaji wa msituni. Halafu likatokea jambo ambalo hawakulifikiria: vichwa vya treni vya Warusi vilibeba maji mengi, hivyo vituo vya maji viliwekwa mbalimbali. Vichwa vya Wajerumani vikaishiwa maji kabla ya kufika kituo kinachofuata, ikabidi wajenge vituo vipya katikati.

Oktoba ikaja tope. Warusi wana neno lake, rasputitsa, majira ambayo barabara hazipo. Nilishawahi kuwa na lori lililozama hadi ekseli wakati wa masika, dereva na utingo wakakaa siku sita pale, wakauza tairi la akiba ili wale. Hilo ni lori moja, katika nchi yenye amani, na wanakijiji waliowapikia. Sasa fikiria maelfu, na wanakijiji ambao umewachomea nyumba.

Ardhi ilipoganda Novemba, makamanda wa Kijerumani walifurahi, kwa sababu magari yalitembea tena. Ndiyo, baridi iliwafungulia njia. Baadaye ikashuka chini ya nyuzi 30 hasi, na nguo za baridi zilikuwepo. Ziko kwenye maghala nyuma, Poland na kwingineko. Treni chache zilizofika mbele zilipewa risasi na mafuta kwanza. Mtu akafa kwa kuganda mguu akiwa na kanzu yake ya manyoya kilomita 1,000 nyuma. Tarehe 5 Desemba Warusi wakaanza kushambulia na kuwasukuma kutoka Moscow.

Pia walikosea kuhesabu adui. Halder, mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani, aliandika kwenye shajara yake mwezi Agosti kwamba walitarajia divisheni 200 za Warusi na wameshahesabu 360. Zaidi ya viwanda 1,500 vilikuwa vimefungwa kwenye mabehewa na kupelekwa mashariki, Ural na ng'ambo yake. Nchi ndogo haina pa kuvipeleka. Na msione nasifia umbali kana kwamba uliwalinda watu: Wasovieti wapatao milioni 27 walikufa katika vita vile, na wengi walikuwa raia.

Mdau: Mleta mada unapunguza mno baridi. Viatu tu vya Mjerumani vilimuua.

Mleta mada: Sipunguzi, mkuu, na hilo la viatu ni kweli. Buti la Mjerumani lilikuwa na misumari ya chuma kwenye soli, na chuma kinapitisha baridi hadi kwenye kidole. Mrusi alivaa valenki, buti la sufu iliyogandamizwa, kubwa lenye nafasi. Ninachosema ni kwamba baridi haina uraia. Novemba 1939 Wasovieti hao hao waliivamia Ufini, nchi ya watu wasiofika milioni 4. Kwenye barabara ya Raate, Januari 1940, divisheni yao ya 44 ilikatwa vipande msituni na kumalizwa. Wafini wakiwa kwenye ski na mavazi meupe walilenga hadi majiko yao ya kupikia. Mrusi mwenye njaa msituni aliganda kama Mfaransa.

Kinyume chake ni mwaka 1918. Wajerumani waliishinda Urusi kabisa, mkataba ukasainiwa Brest-Litovsk tarehe 3 Machi. Hawakufika Moscow. Walipigana upande wa magharibi wa Urusi miaka mitatu, dola ya Tsar ikachoka na kuvunjika kwa ndani, na walioshika madaraka walihitaji amani kwa udi na uvumba. Alexander mwaka 1812 hakuvunjika, ndiyo maana kushika Moscow hakukumsaidia Napoleon kitu.

Mdau: Kwa hiyo hata kwetu ingewezekana?

Mleta mada: Ilishatokea, bila theluji. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, Smuts, jenerali wa upande wa Waingereza, alimfukuza kamanda wa Wajerumani von Lettow-Vorbeck Tanganyika nzima akitumia farasi, na mbung'o wakawamaliza farasi hao. Ikabaki migongo ya watu. Mtu anayebeba unga kilo 25 na kula kilo moja kwa siku, akienda siku 12 na kurudi siku 12, anafikisha kilo moja. Hapo unaelewa kwa nini wapagazi walichukuliwa kwa mamia ya maelfu na kwa nini makumi ya maelfu walikufa. Jina Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps. Nikipata nafasi nitawafungulia uzi wake, wanastahili.

Mdau: Swali la mwisho mkuu. Hao wa Napoleon walizikwa wapi?

Mleta mada: Wengi hawakuzikwa. Ila mwaka 2001 huko Vilnius, mafundi wa ujenzi walikuwa wakichimba msingi kwenye eneo la kambi ya zamani ya jeshi la Kisovieti, wakakuta mifupa. Mwanzoni watu walidhani ni waliouawa na Wanazi au polisi wa siri wa Stalin. Kisha zikaonekana sarafu za Napoleon na vifungo vya makoti vyenye namba za vikosi. Walikuwa zaidi ya 3,000, wengi vijana wadogo. Chawa waliokutwa kwenye udongo na nguo walichunguzwa na vikapatikana vimelea vya homa.

Vilnius, wakuu, ndiko kulikokuwa na maghala yenye chakula. Walifika Desemba, wakavamia maghala kwa fujo, wengine wakala na kunywa hadi kufa, wengine wakalala barabarani na homa. Chakula walichokifuata kwa wiki nyingi kilikuwepo pale. Mwaka 2003 mifupa yao ilizikwa upya kwenye makaburi ya Antakalnis, mji huo huo.